Alikwama kwenye jina lake mbele ya wazee, sasa nyumbani wanasema ni mwongo

Shikamoo Anti,

Nina miaka 27, nafanya kazi ya uhasibu kwenye ghala la mazao hapa Morogoro. Nina mchumba ambaye tumejuana tangu chuoni. Ni mwalimu wa fizikia wa sekondari, mpole, mcheshi, mtu wa msimamo, na ana kigugumizi tangu utotoni. Tukiwa wawili kinapungua mpaka nasahau kama kipo. Mbele ya watu asiowazoea kinamshika kweli. Kwenye daladala ameshapitilizwa kituo kwa sababu neno "shusha" liligoma kutoka. Siku hizi anagonga bati kwa sarafu au anasema "hapa hapa", maana hiyo haimsumbui. Ajabu ni kwamba kwaya anaimba besi na hakwami hata silabi moja.

Mwezi uliopita alikuja kujitambulisha nyumbani. Alikuja na mshenga na mjomba wake mmoja. Mshenga alizungumza vizuri, watu wakacheka, wakatulia. Ndipo baba mkubwa, ambaye ni mzee wa kanisa na ndiye msemaji wa ukoo wetu, akamgeukia mwenyewe: "Haya kijana, sasa tusikie kutoka kinywani mwako. Unaitwa nani, na unafanya kazi gani?"

Anti, jina lake linaanza na P. Midomo ilifungana ikabaki imefungana, hakuna sauti iliyotoka. Akafumba macho, mishipa ya shingo ikamtoka, mguu wa kulia ukawa unagonga sakafu. Sebule nzima kimya. Shangazi akainuka kumletea maji. Mdogo wangu wa kiume akatoka, nikamsikia anacheka barazani. Baba mkubwa akamwambia, "Tulia mwanangu, ni jina lako tu hilo." Mimi nilikuwa mkekani na dada zangu. Nikashindwa kuvumilia, nikalitaja mimi. Kumbe na yeye alikuwa ameamua kutumia jina lake la pili, ambalo kwake ni jepesi. Yakatoka majina mawili tofauti kwa mpigo mmoja.

Tangu siku hiyo nyumbani hapakaliki. Mjomba anasema mtu anayetafuta jina lake anatunga uongo, na kwamba aende akachunguzwe kwao, pengine ana mke. Baba mkubwa anasema mwanamume mwoga hawezi kuongoza nyumba, tena anauliza huyo ni mwalimu wa namna gani. Shangazi aliniita chumbani akaniambia nitazaa watoto wa hivyo hivyo, na kwamba mwanamume asiyeweza kusema hasira zake humalizia kwa mikono. Mama ananitazama tu. Baba hakusema mengi, ila ameruhusu waje tena baada ya mavuno.

Mchumba wangu naye amevunjika moyo. Ameona mtu mtandaoni anauza dawa ya mizizi ya kuponya kigugumizi, bei yake si mchezo, na anataka tuahirishe kila kitu mpaka apone. Mshenga anashauri safari ijayo asiulizwe neno, aseme yeye yote. Mimi nimefikiria nimwombe baba niwe nasaidia kujibu. Halafu kuna jambo linaloniuma ambalo sijamwambia mtu: siku ile nilimwonea aibu. Nampenda, na nilimwonea aibu.

Je, wanayoyasema wazee yana ukweli wowote? Na wakija tena tufanyeje?

Ni mimi, Binti wa Kihonda, Morogoro

—

Marahaba mwanangu,

Nianze na mjomba wako, maana neno lake ndilo zito kuliko yote, na ndilo lisilo na msingi kuliko yote. Kijana hakuwa anatafuta jina. Jina alikuwa nalo, limeshafika midomoni, ndiyo maana midomo ilikuwa imefungwa tayari kwa hiyo P. Mwenye kigugumizi anajua vizuri kabisa anachotaka kusema. Kinachokwama ni ule mpangilio wa haraka ambao ubongo unautumia kuamuru pumzi, koo, ulimi na midomo vifanye kazi kwa pamoja. Wewe na mimi hatuuoni mpangilio huo kwa sababu haujawahi kutugomea.

Na katika maneno yote, jina la mtu mwenyewe ndilo linalowatesa wengi wao kuliko yote. "Shusha" ikikataa, ana "hapa hapa". Jina halina mbadala. Anayeuliza anangojea neno hilo hilo na si jingine, na anayeulizwa anajua fika kwamba hata mtoto wa chekechea hulitaja bila kufikiri. Kwa hiyo akafanya kile anachokifanya kwenye daladala kila siku: akakimbilia neno jepesi lililo karibu. Kwa bahati mbaya mlangoni alikukuta wewe na lile gumu.

Mweleze mjomba hivyo hivyo. Na kama jina hilo la pili limo kwenye cheti cha kuzaliwa au cha ubatizo, au kwenye kitambulisho chake cha taifa, mshenga aje na nakala aiweke mezani, ajue ni mtu mmoja. Suala la kwenda kumchunguza kwao, usilipinge hata kidogo. Familia kuulizana habari kabla ya ndoa ni desturi njema, na mtu safi haimdhuru. Waende. Wachunguze kama wanavyomchunguza mchumba yeyote, si kwa sababu alikwama kwenye P.

Lipo neno jingine la namna hiyo ambalo hukulitaja, nami nalihofia kwa safari ijayo: shikamoo. Hili nalo halina mbadala. Kijana akiingia kwenye nyumba ya wakwe watarajiwa, anatakiwa kulisema kwa kila mzee, mmoja baada ya mwingine, mara moja, kwa sauti. Sh- ikigoma, mzee hasikii kigugumizi. Anasikia kijana asiye na adabu anayemkodolea macho. Watu wengi wenye kigugumizi wamepewa sifa ya kiburi mitaani kwao kwa sababu hii tu, maana baada ya kukwama mara nyingi huchagua kupita kimya na kuinamisha kichwa. Mwambie akikwama asiiache. Ashike mkono wa mzee, ainame kidogo kama kawaida, abaki hapo mpaka neno litoke.

Sasa swali lako kubwa: je, yana ukweli? Hayana. Lakini nataka ujue yametoka wapi, kwa sababu wazee wako si watu wabaya, na yaliyowapata huwapata karibu wasikilizaji wote duniani. Mwaka 1976 watafiti wawili wa Marekani, Woods na Williams, waliwataka watu wa makundi mbalimbali, wazazi, walimu, mpaka wataalamu wenyewe wa tiba ya usemi, waeleze sifa za mwanamume mwenye kigugumizi. Majibu yakafanana: mwenye haya, mwoga, mwenye wasiwasi, asiyejiamini. Hata waliosomea kazi ya kuwasaidia watu hao walisema yale yale anayoyasema baba yako mkubwa huko Morogoro.

Kwa nini? Mwaka 1984 watafiti wengine, White na Collins, walikuja na jibu ambalo mimi naliamini. Kundi moja waliliambia limweleze mtu mwenye kigugumizi. Kundi lingine liliambiwa limweleze mtu wa kawaida, mwenye ulimi mwepesi, ambaye ghafla ameanza kukwamakwama kwa muda mfupi kisha akaendelea. Sifa zilizotajwa na makundi yote mawili zilikaribiana mno. Maana yake ni kwamba msikilizaji anajitazama yeye mwenyewe. Sisi tusio na kigugumizi hukwama pia, lakini lini? Tukishtukizwa. Tukiogopa. Tukiulizwa jambo ambalo hatutaki kulijibu. Mjomba wako, akikumbuka mara za mwisho alizobabaika, bila shaka zilikuwa za kuulizwa habari za fedha au za kuchelewa kurudi nyumbani. Kwa hiyo akimwona mwenzake anababaika, moyo unamwambia: huyu ana la kuficha. Anampima mwenzake mguu kwa kiatu chake.

Kosa la hesabu hiyo ni kwamba kwa mchumba wako kukwama si dalili ya kitu. Anakwama akisema kweli, anakwama akiagiza chai, anakwama akiulizwa saa. Tena mwongo ana uhuru wa kuchagua maneno yanayoteleza. Mtu mwenye kigugumizi aliyekuja kukaa mbele ya ukoo mzima wa mwanamke anayempenda, akijua wazi ataulizwa jina, amefanya jambo ambalo watu wengi waoga wangelikimbia. Baba mkubwa alisema mwoga. Mimi nikikisoma ulichokiandika sioni mwoga hapo.

Nisiseme uongo pia: hofu ina nafasi yake. Haikizai kigugumizi, lakini hukiongezea uzito. Mwaka 2021 Eric Jackson na wenzake wa chuo kikuu cha New York walichapisha utafiti ambao watu wazima wenye kigugumizi walirekodiwa wakiongea katika hali mbalimbali, na mojawapo ni wakiwa peke yao, wakiamini hakuna hata mmoja anayewasikia. Katika hali hiyo karibu hawakukwama kabisa. Kwaya nayo ni hivyo. Maneno yanajulikana, mapigo yapo, sauti za wengine zinambeba, basi besi inatiririka. Nakuambia haya mapema kwa sababu najua atatokea mtu pale nyumbani aseme "mbona kanisani hagugumii, si anajifanya?" Hajifanyi. Ulimi wake ni mzima, ndiyo maana wale wanaoshauri akatwe kile kiuzi cha chini ya ulimi wanamtafutia kidonda bure. Kinacholemea ni kusema maneno yake mwenyewe, kwa wakati huo huo, mbele ya mtu anayesubiri na kuhukumu.

Na hapo ndipo nyinyi mnapoingia. Maji ya shangazi, "tulia mwanangu" ya baba mkubwa, jina lililotoka kinywani mwako, vyote vilitoka kwenye huruma. Kwake kila kimoja kilimfikia kama ujumbe kwamba muda wake umekwisha. Mtu hakaukiwi koo mpaka apewe maji, na hajasahau kupumua mpaka aambiwe avute pumzi. Anayemmalizia neno naye mara nyingi hukosea neno, na hata akipatia, anamwachia kazi mbili badala ya moja: kukwamuka, na kukubali au kukataa alichosemewa.

Kuhusu aibu yako. Watafiti wa Marekani walishawahi kuwapima watu waliokuwa wakitazama video za watu wenye kigugumizi kikali. Ngozi zao zilionyesha dalili za msisimko, mapigo ya moyo yakapungua, kama mwili unavyofanya ukikutana na jambo lisilotarajiwa. Wengine walifuatilia mwendo wa macho, wakaona macho ya msikilizaji huyakimbia macho ya msemaji anapokwama. Watazamaji hao hawakuwa wamemchukia mtu. Mwili wako ulifanya vivyo hivyo pale mkekani, na juu yake kulikuwa na macho ya ukoo mzima. Sioni kuwa ni dalili ya kwamba humpendi. Lakini inabidi uishughulikie, maana utaishi na mtu huyu sokoni, benki, hospitalini, kwenye vikao vya shule ya watoto wenu, na kila mahali kutakuwa na mtu anayesubiri. Dawa yake ni mazoezi ya kawaida kabisa. Nendeni pamoja sokoni, yeye ndiye aulize bei. Akikwama, mtazame usoni kama unavyomtazama siku zote, si midomoni, si chini, wala usimgeukie muuzaji kumpa ishara ya "msamehe". Ngoja. Utashangaa kuona sekunde zile ambazo kwako zilikuwa kama saa nzima ni chache. Na jambo hili la aibu mwambie yeye mwenyewe, kwa upole, siku mliyotulia. Ninavyowajua watu waliokulia na kigugumizi, aliiona siku ile ile, na anachokisubiri ni kuona kama utakuwa mkweli kwake.

Tuje kwenye safari ya pili. Mshenga anataka aseme yote, wewe unataka kumsaidia kujibu. Yote mawili nayakataa, ingawa la mshenga nalikataa nusu. Mshenga yupo kwa kazi ya kusema, na hakuna bwana harusi anayepunguziwa heshima kwa kusemewa na mshenga kwenye mambo ya mahari na taratibu. Baba yako mkubwa ni mzee wa kanisa, anajua Musa alivyolalamika kwamba si mwepesi wa kusema na ulimi wake ni mzito, na akapewa Haruni wa kusema naye. Lakini anajua pia kwamba ni Musa aliyeitwa, na Haruni hakumfanya Musa asionekane. Mshenga aseme yale ambayo angemsemea kijana mwingine yeyote, asizidishe hata moja. Akiulizwa mwenyewe, ajibu mwenyewe. Ukimficha safari hii, wazee wataamini kweli kuna kinachofichwa, na siku ya ndoa kuna kiapo ambacho mshenga hawezi kumwapia.

Kinachotakiwa kubadilika ni kwamba wazee wajue kabla. Siku ile walishtukizwa, na aliyeshtukizwa hujaza pengo kwa dhana yake. Kwa hiyo kabla ya siku yenyewe baba yako na baba mkubwa waambiwe wazi kuwa kijana ana kigugumizi, amezaliwa na mwelekeo huo, na anapokwama wamsubiri amalize. Halafu siku ikifika, baada ya salamu, yeye mwenyewe alitaje kabla hajaulizwa neno. Mtafiti Courtney Byrd wa chuo kikuu cha Texas na wenzake walichapisha mwaka 2017 kazi inayolinganisha namna mbili za kulitaja jambo hili. Mtu aliyetoa taarifa tu, kwamba nina kigugumizi na mtanisikia nikirudia baadhi ya maneno, wasikilizaji walimwona rafiki zaidi na mwenye kujiamini zaidi kuliko yule aliyeomba radhi.

Hapa kwetu kuna ugumu wake, kwa sababu adabu yetu mbele ya wazee huanza na "samahani wazee wangu". Hiyo abaki nayo, ni heshima kwa wazee. Asichotakiwa ni kuuombea mdomo wake msamaha. Anaweza kusema hivi: "Samahani wazee wangu, kabla sijaendelea. Mimi nina kigugumizi. Nitakwama hapa na pale, hasa kwenye jina langu. Naomba mnisubiri, nitafika." Akikwama ndani ya maneno hayo hayo, vizuri tu, watakuwa wameshaelezwa na wameshaona. Ajizoeze kuyasema mbele yako na mbele ya mshenga, na asilenge kuyasema bila kukwama. Alenge kuyamaliza.

Baba mkubwa aliuliza ni mwalimu wa namna gani. Swali zuri, na jibu lake lipo darasani. Aulize wazazi wa watoto anaowafundisha, aulize matokeo yao ya fizikia. Utafiti wa mwaka 2004 uliofanywa Marekani uliwauliza wanafunzi wa vyuo kazi zipi zinawafaa wenye kigugumizi, nao wakaziona kazi nyingi za kuongea haziwafai. Ni dhana tu, lakini ni dhana inayowanyima watu mkate, kwa sababu wenye kuajiri nao wametoka kwenye watu hao hao. Kama mzee anapenda mifano ya wakubwa, mkumbushe zile shilingi za zamani za Afrika Mashariki zenye kichwa cha Mfalme George wa Sita wa Uingereza. Mfalme huyo alipambana na kigugumizi maisha yake, na tarehe 3 Septemba 1939 ndiye aliyelihutubia taifa lake redioni vita ilipotangazwa. Ila usiujenge utetezi wako juu ya wafalme. Mwalimu wa fizikia wa Morogoro hahitaji kufanana na mfalme ndipo astahili kusikilizwa.

Shangazi alisema mawili. La kwamba wenye kigugumizi humalizia hasira kwa mikono ni maneno ya kutisha yasiyo na ushahidi, na wanaume wapigaji wenye ndimi nyepesi tunawajua sote. Umemfahamu tangu chuoni. Amini ulichokiona mwenyewe akikasirika.

La watoto lina chembe ya kweli. Kigugumizi hutembea katika koo za watu. Tangu mwaka 2010 wanasayansi wametambua baadhi ya vinasaba vinavyohusika, na kimoja wapo kilipatikana mwaka 2015 kwa kuisoma familia moja kubwa ya Kameruni. Kwa hiyo uwezekano kwa watoto wako utakuwa juu kidogo kuliko kwa watoto wa jirani. Lakini sikiliza na upande wa pili: kati ya watoto 100, kama 5 hivi hupitia kipindi cha kugugumia, kwa kawaida kati ya miaka 2 na 5, na walio wengi huacha. Watu wazima wanaobaki nacho ni kama 1 katika 100. Kwa nchi yenye watu zaidi ya milioni 61 kwa sensa ya 2022, hao ni mamia ya maelfu ya Watanzania, na hakuna aliyeambukizwa kwa kucheza na mwenzake wala kwa kutekenywa utotoni.

Ukipata mtoto akaanza kugugumia, kuna kisa cha Iowa, Marekani, cha mwaka 1939 ambacho ningependa ukikumbuke. Mwanafunzi wa chuo, Mary Tudor, akisimamiwa na mwalimu wake Wendell Johnson, ambaye mwenyewe alikuwa na kigugumizi, alichukua watoto 22 wa kituo cha yatima. Baadhi yao walisema vizuri tu, lakini waliambiwa kwamba wanagugumia, kwamba wajihadhari, wasiseme mpaka wawe na uhakika. Watoto wale walianza kunyamaza na kuogopa kusema, darasani wakawa wazito. Chuo kikuu hicho kiliomba radhi mwaka 2001, zaidi ya miaka 60 baadaye. Yaliwapata hayo kwa maneno ya mtu mzima tu. Basi mtoto wako akikwama, ongea naye taratibu wewe, msikilize alichosema, na kikiendelea miezi kadhaa au kikimfanya aogope kusema, mpeleke kwa mtaalamu mapema.

Na dawa ya mizizi, mwanangu, msinunue. Hakuna dawa ya kunywa iliyothibitishwa kuponya kigugumizi, na mtu anayeahidi kukimaliza kwa chupa anauza matumaini ya watu waliochoka. Kilichopo ni tiba ya usemi. Mtaalamu humfundisha namna ya kuingia kwenye neno bila kulilazimisha, namna ya kujikwamua, na zaidi ya yote namna ya kuacha kukimbia maneno. Wataalamu hawa bado ni wachache katika ukanda wetu. Makerere kule Kampala walianza kuwafundisha mwaka 2008, na idadi haijatosha mahitaji. Aanzie hospitali kubwa, idara ya masikio, pua na koo, aulize wapi pana mtaalamu wa tiba ya usemi. Faida ataiona, lakini wengi wa umri wake hubaki na kigugumizi kiasi fulani, na ndiyo maana kuahirisha ndoa mpaka apone ni kuahirisha bila tarehe. Fedha ya ile chupa iwekeni kwenye mahari.

Jambo la mwisho ni mama yako anayekutazama tu. Umeniandikia mimi niliye mbali kabla hujaongea naye. Mwambie yote, pamoja na ile aibu, kabla hujaenda kwa baba. Baba ameruhusu waje tena, na kwa mzee ambaye hasemi mengi hilo ni jibu kubwa. Huenda anachokihitaji ni mtu wa ndani wa kumwambia kwamba kile alichokiona sebuleni kwake hakikuwa uongo wala ulevi wala uoga. Mama akiketi naye jioni moja akamweleza hivyo kwa maneno yake, itamfikia vizuri kuliko barua yangu.

Wakishakuja, niandikie baba alisema nini.